Carmen Best: Mwanamke mweusi aliyeongoza polisi wa Seattle, mji dada wa Mombasa

Kila mara mjadala wa mwanamke kuongoza polisi unapozuka barazani, mimi husikia kauli mbili. Wapo wasemao, mpeni mama kiti kile na mambo yatanyooka. Wapo wajibuo kwamba kiti ni kile kile, akikalia nani. Kahawa ikiisha, kila mtu hurudi kwake na msimamo wake.

Mimi huwa namkumbuka mwanamke mmoja ambaye kisa chake hakiupi ushindi upande wowote. Anaitwa Carmen Best, na kati ya 2018 na 2020 aliongoza polisi wa Seattle, jiji la bandari katika jimbo la Washington, Marekani. Wengi wetu hapa Pwani hatujui kwamba jiji hilo lina undugu na letu. Mombasa na Seattle ni miji dada tangu 1981. Kwa hivyo nikiandika habari za Seattle, naandika habari za ndugu, na habari za ndugu si umbea.

Kisa hiki nakileta kwa ajili ya swali moja: mtu mweusi, tena mwanamke, akifika juu kabisa katika idara iliyowaumiza watu wa rangi yake, anaweza kubadilisha nini, na nini kinabaki nje ya mikono yake?

Kutoka Tacoma hadi Seattle

Best alikulia Tacoma, mji ulio kusini ya Seattle, mwendo usiofika saa moja kwa gari. Alihudumu katika jeshi la Marekani, kisha mwaka 1992 akajiunga na polisi wa Seattle. Alianza chini kama makurutu wengine na kupanda ngazi. Alifanya doria, akawa msemaji wa idara mbele ya wanahabari, akasimamia uhusiano wa polisi na jamii, hadi akafika unaibu mkuu.

Tukumbuke alikuwa akipanda katika jiji la namna gani. Watu weusi Seattle ni takriban asilimia 7 tu ya wakazi. Mtaa wao wa jadi, Central District, uliokuwa wa weusi kwa wingi miaka ya 1970, umebadilika kwa sababu kodi na bei za nyumba zimewasukuma wengi nje. Upande wa kusini wa jiji wameingia wahamiaji kutoka Somalia, Ethiopia, Eritrea na pia kwetu Kenya. Idara ya polisi ina mabaraza ya ushauri ya jamii mbalimbali, na mojawapo ni la watu wa Afrika Mashariki. Kazi ya uhusiano na jamii, ambayo maafisa wengi huiona ya pembeni, ndiyo iliyomfanya Best ajulikane makanisani, misikitini na kwenye mikutano ya mitaa kuliko wakubwa wake wengi.

Idara chini ya jicho la korti

Tarehe 30 Agosti 2010, afisa wa polisi wa Seattle alimpiga risasi na kumuua John T. Williams, mchonga vinyago wa jamii za wenyeji asilia wa Amerika. Williams alikuwa akivuka barabara na kipande cha ubao na kisu chake cha kuchongea. Sikio lake moja halikusikia. Kati ya amri ya kwanza na risasi zilipita kama sekunde nne. Bodi ya idara yenyewe ilisema baadaye kwamba upigaji risasi ule haukuwa na sababu. Afisa alijiuzulu, lakini hakushtakiwa kwa jinai.

Mwaka huo huo, zaidi ya mashirika 30 ya kijamii yaliiomba Wizara ya Haki ya Marekani ichunguze idara nzima. Ripoti ilitoka Desemba 2011, ikasema polisi wa Seattle walikuwa na mazoea ya kutumia nguvu kupita kiasi. Kuhusu ubaguzi wa rangi, wachunguzi walieleza wasiwasi mkubwa bila kutoa uamuzi wa mwisho. Mwaka 2012 jiji likakubali kufanya mageuzi chini ya usimamizi wa jaji wa serikali kuu, James Robart. Sera za matumizi ya nguvu zikaandikwa upya, na maafisa wakafundishwa kutuliza mtu kabla ya kufikiria silaha.

Hata hivyo, tarehe 18 Juni 2017, polisi wawili wazungu walimuua kwa risasi Charleena Lyles, mama mweusi mjamzito, ndani ya nyumba yake na watoto wake wakiwemo. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapigia simu polisi kuripoti wizi. Maafisa walisema aliwatolea kisu. Wakati huo Best alikuwa naibu mkuu. Ndiyo hali aliyorithi: idara iliyokuwa na sera mpya vitabuni, na familia nyeusi ambazo bado ziliogopa kupiga simu.

Kiti kilichokaribia kumponyoka

Mkuu aliyekuwepo, Kathleen O'Toole, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo kwa kudumu Seattle, aliondoka mwishoni mwa 2017. Best akakaimu kuanzia Januari 2018, huku Meya Jenny Durkan akianzisha msako wa mkuu wa kudumu.

Mwezi Mei orodha ya watatu wa mwisho ilipotangazwa, jina la Best halikuwemo. Wote watatu walikuwa wanaume kutoka miji mingine. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba idara inahitaji jicho la nje kuendeleza mageuzi. Hoja hiyo haikukosa mantiki. Lakini wakazi weusi walisikia jambo jingine: amefanya kazi miaka 26, amekaimu, tunamjua, na bado hatoshi. Jambo lisilo la kawaida likatokea. Viongozi wa jamii nyeusi na chama cha maafisa wa polisi, pande mbili ambazo aghalabu haziketi mkeka mmoja, wote walilalamika kuachwa kwake.

Mmoja wa watatu alipojitoa, Best akarudishwa kwenye orodha. Julai 2018 meya akamteua, na Agosti baraza la jiji likamthibitisha. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza polisi wa Seattle.

Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana lina uzito mbele. Kuungwa mkono na pande mbili zinazovutana ni heshima, na pia ni deni. Kila upande huamini umemweka mtu wake.

Mkuu wa polisi ana nguvu kiasi gani?

Hapa Kenya tumezoea kudhani mkubwa wa polisi akisema, limekuwa. Nilipoanza kufuatilia habari za Seattle nilishangaa jinsi kiti kile kilivyofungwa kamba kila upande.

Meya humteua mkuu wa polisi na ndiye bosi wake. Baraza la jiji hushika mfuko. Bajeti ya polisi mwaka 2020 ilikuwa takriban dola milioni 409. Korti ilisimamia mageuzi. Mkataba wa chama cha maafisa uliamua namna ya kumwadhibu afisa. Na tume ya utumishi ilikuwa na kanuni za nani aajiriwe na nani aondoke kwanza.

Mfano mmoja unatosha. Mwaka 2016, idara ilimfuta kazi afisa aliyempiga ngumi mwanamke aliyekuwa amefungwa pingu. Mwaka 2018, msuluhishi wa migogoro ya kazi akaamuru arudishwe. Jiji lilikwenda kortini kupinga na hatimaye likashinda, lakini baada ya miaka. Mei 2019 Jaji Robart alisema mfumo wa uwajibikaji wa jiji haujatimiza masharti, na mkataba mpya wa chama cha maafisa ukawa sehemu ya tatizo. Mkuu anaweza kutaka mtu atoke, na mkataba ukasema abaki.

Ndani ya kamba hizo, Best alishika pale ambapo mkono wake ulifika: kuajiri. Alisukuma idara itafute makurutu wengi zaidi wa jamii zisizo za wazungu, na wanawake. Wakati wake pia ulirejeshwa mpango wa maafisa wa huduma za jamii, watu wasiobeba bunduki ambao huunganisha wakazi na misaada badala ya kuwapeleka seli. Mpango huo ulikuwa umefungwa mwaka 2004. Hesabu yake ilikuwa ya mkulima: panda leo miche ya rangi mbalimbali, na miaka 20 ijayo makapteni watafanana na jiji.

Juni 2020

Tarehe 25 Mei 2020, afisa wa polisi wa Minneapolis alimuua George Floyd. Katika siku chache, barabara za Seattle zilijaa watu. Kitovu kilikuwa kituo cha polisi cha East Precinct, mtaa wa Capitol Hill, kituo kinachohudumia pia Central District.

Tarehe 5 Juni, Durkan na Best walitangaza kusitisha gesi ya machozi kwa siku 30. Usiku wa kuamkia tarehe 8, gesi ilirushwa tena. Tarehe 12, jaji wa serikali kuu Richard Jones, ambaye ni mweusi, aliwazuia polisi kwa muda wasiitumie dhidi ya waandamanaji wa amani.

Tarehe 8 Juni polisi walikihama kituo. Best aliwaambia maafisa wake kwa video kwamba uamuzi ule haukuwa wake na kwamba ulimkasirisha. Hebu tafakari maneno hayo. Mkuu wa polisi anasema kituo chake kimehamwa na si yeye aliyeamua. Waandamanaji wakauzingira mtaa, wakauita eneo lao huru. Mwanzoni kulikuwa na michoro, chakula cha bure na mihadhara. Baadaye risasi zikaanza kulia usiku. Vijana wawili weusi, mmoja wa miaka 19 na mwingine wa miaka 16, waliuawa hapo au kandokando. Tarehe 1 Julai polisi waliliondoa eneo hilo kwa amri ya meya. Best alifika na kusema yatosha. Kwake, maisha ya weusi yenye thamani yalikuwa pia ya wale vijana wawili.

Mwanzoni mwa Agosti, waandamanaji walifunga safari hadi karibu na nyumba yake nje ya jiji. Majirani wakawazuia njiani.

Kura ya Agosti

Waandamanaji walitaka bajeti ya polisi ikatwe nusu na fedha ziende kwa makazi, afya ya akili na vijana. Madiwani wengi walikubali kwa maneno. Tarehe 10 Agosti 2020 baraza likapitisha mpango mdogo kuliko huo: kupunguza hadi maafisa 100, wengine kwa kuachishwa kazi, na kukata mishahara ya wakubwa. Mshahara wa Best, karibu dola 294,000 kwa mwaka, ulipendekezwa kwanza ukatwe sana. Mwishoni ukashushwa hadi karibu 275,000.

Sasa tufike kwenye kanuni, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kisa chote. Kanuni za utumishi zilisema wakipunguzwa watu, aliyeingia mwisho hutoka kwanza. Ni kanuni ya haki machoni pa mfanyakazi yeyote. Humlinda mzee wa kazi asifukuzwe kwa sababu ya umri au chuki ya bosi. Lakini katika idara ambayo wakongwe wengi ni wazungu na chipukizi ndio wenye mchanganyiko, kanuni hiyo hiyo hung'oa miche na kuacha miti ya zamani. Kura iliyopigwa kwa jina la usawa wa rangi ingeondoa kwanza weusi, Walatino na Waasia walioajiriwa juzi.

Wapo madiwani walioliona hilo. Mmoja alipendekeza Best aombe ruhusa ya kuachisha watu bila kufuata mpangilio, aanze na wenye rekodi mbaya. Best alijibu kwamba sheria haimruhusu kumfuta mtu kwa sababu ya rangi yake, hata kama rangi hiyo ni nyeupe. Wakosoaji walisema amekwepa hoja, kwa kuwa walizungumzia rekodi, si rangi. Nimelipima jibu lake mara nyingi. Naona pande zote mbili zilikuwa na chembe ya haki, na kila upande ulimsukumia mwenzake kazi chafu.

Usiku ule ule wa kura, Best aliwaandikia maafisa wake barua ya kuaga. Kesho yake alieleza hadharani kwamba si suala la mshahara. Alilalamikia kukosewa heshima na kutoshirikishwa na baraza, na akasema asingeweza kuwaachisha kazi vijana aliowaomba yeye mwenyewe wajiunge. Aliondoka Septemba 2020, baada ya miaka 28 ya utumishi. Meya alipiga kura ya turufu dhidi ya mpango ule, na baraza likaibatilisha mwezi huo huo. Miaka iliyofuata, mamia ya maafisa waliondoka wenyewe.

Tusimfanye malaika

Nisingependa msomaji aondoke hapa akidhani nampamba. Gesi ya machozi ilirushwa chini ya uongozi wake, siku chache baada ya ahadi. Waliougua na kujeruhiwa walikuwa wakazi aliokula kiapo kuwalinda, na wengi wao waliandamana kwa ajili ya watu weusi.

Pili, baadaye ilibainika kwamba ujumbe wa simu wa meya, wa Best na wa maafisa wengine wa juu wa kipindi kile ulikuwa umepotea, ilhali sheria inataka kumbukumbu za viongozi wa umma zihifadhiwe. Wafanyabiashara na wakazi wa Capitol Hill walikuwa wameshtaki jiji kwa hasara walizopata. Mwaka 2023 jiji lililipa dola milioni 3.65 kuimaliza kesi hiyo. Kiongozi anayedai uwazi kwa wadogo zake hana budi kuutoa kwanza yeye.

Alisimulia upande wake katika kitabu chake, Black in Blue, kilichotoka 2021.

Hayuko peke yake

Best ni kiungo katika mnyororo mrefu. Georgia Ann Robinson wa Los Angeles, aliyeanza kazi mwaka 1916, hutajwa miongoni mwa polisi wa kike weusi wa mwanzo kabisa Marekani. Mwaka 1994 Beverly Harvard aliteuliwa kuongoza polisi wa Atlanta, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza idara ya jiji kubwa la nchi hiyo, na akadumu hadi 2002. Ng'ambo ya bahari, Sislin Fay Allen, muuguzi mzaliwa wa Jamaica, aliingia polisi ya London mwaka 1968, mwanamke mweusi wa kwanza huko.

Waliokuja karibuni hawakupewa muda kama wa Harvard. Danielle Outlaw aliongoza Portland kuanzia 2017, kisha Philadelphia kuanzia Februari 2020 hadi 2023. Keechant Sewell alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza polisi wa New York. Aliingia Januari 2022 na kutangaza kujiuzulu Juni 2023. Best mwenyewe alikaa miaka miwili tu baada ya kuthibitishwa. Mageuzi ya idara ya polisi ni kazi ya miaka kumi au ishirini. Kule Seattle kwenyewe, korti ilianza mwaka 2012 na haikulegeza sehemu kubwa ya usimamizi wake hadi Septemba 2023.

Ninachoondoka nacho

Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Wengi wamemsoma Best hivyo: alitaka kuwa mweusi na kuwa polisi, akapasuka. Mimi siioni hivyo. Hakujipandisha farasi wawili. Jamii ilimpandisha mmoja, maafisa wakampandisha wa pili, kisha wote wakaachilia hatamu kwa wakati mmoja.

Kwa hivyo nawajibu wenzangu wa barazani, pande zote mbili. Ni kweli kwamba nani amekalia kiti ni jambo la maana. Bila Best, miche ile isingepandwa, na wakazi weusi wasingekuwa na mtu wa kumpigia simu akaipokea. Lakini alichojenga kilikaa juu ya kanuni ambazo hazikuwahi kubadilishwa: mkataba wa nidhamu, mpangilio wa kuachishwa kazi, mamlaka ya kuamua kituo kihamwe au kisihamwe. Kura moja ya jioni ilitosha kukitia hatarini.

Siku tutakapomwona mwanamke amekabidhiwa usukani wa polisi popote pale, tumpigie vigelegele, anastahili. Kisha vigelegele vikiisha tuulize maswali yasiyopendeza. Nani anaweza kumfuta kazi afisa mbaya, na nani anaweza kumrudisha? Watu wakipunguzwa, nani hutoka kwanza? Akitoa amri, ni nani mwingine anayeweza kuitengua bila kumwambia? Majibu yake huwa katika mikataba na kanuni za utumishi, makaratasi ambayo hakuna anayeyasoma siku ya kuapishwa.